Soma Namba, Usisome Jina: Namna ya Kupunguza Gharama za Dawa za Parkinson

Umesimama mbele ya dirisha la famasi, cheti cha baba kiko mkononi. Mfamasia anaweka maboksi mawili juu ya kaunta. Moja limeandikwa Sinemet, jingine Syndopa. Bei zake hazikaribiani. "Nikupe ipi?" anauliza. Nyuma yako watu wamepanga foleni. Unaifikiria ada ya shule, unaifikiria kodi ya nyumba, kisha unaukumbuka mkono wa baba unavyogonga kikombe asubuhi. Unachukua la bei kubwa kwa hofu, au la bei ndogo kwa aibu, na unaondoka bila kujua kama umefanya sawa.

Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye maboksi yenyewe. Lipo katika namba iliyo pembeni ya jina, na watu wengi huipita bila kuitazama. Mwongozo huu unaanzia hapo, kisha unakupeleka kwa daktari, kwenye bima, mezani kwa chakula na kabatini. Huko kote fedha za dawa hii huvuja, na mahali pengi uvujaji huo unazibika.

Jambo moja kabla hatujaendelea. Hakuna mahali hapa unapoambiwa ubadilishe dozi mwenyewe. Unapewa maswali ya kumpelekea daktari na mfamasia. Dozi ni yao kuipanga.

Unachonunua ni nini hasa

Ugonjwa wa Parkinson unatokana na kufa kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili. Dopamini ikipungua, mwili unakuwa mzito: hatua zinafupika, mkono unatetemeka ukiwa umetulia, uso unakosa tabasamu, maandishi yanakuwa madogo.

Ukimpa mtu dopamini yenyewe kwa kidonge, haifiki kwenye ubongo. Kinachofika ni levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Mwaka 1967 daktari George Cotzias, akifanya kazi Marekani, alionyesha kuwa wagonjwa waliokuwa wamekakamaa waliweza kusimama na kutembea walipopewa dawa hii kwa dozi kubwa. Tatizo lilikuwa kwamba sehemu kubwa ya dawa iliishia mwilini kabla ya kufika kichwani, ikaleta kichefuchefu na kutapika. Ndipo ikaongezwa karbidopa, ambayo kwenye boksi utaikuta imeandikwa kwa herufi C. Karbidopa haitibu Parkinson. Kazi yake ni kuilinda levodopa njiani. Kwa ulinzi huo mahitaji ya levodopa yalishuka kwa takriban robo tatu.

Mchanganyiko huo uliingia sokoni Marekani mwaka 1975 kwa jina la Sinemet. Hesabu miaka. Haki ya pekee ya mvumbuzi ilikwisha zamani, na leo viwanda vingi, vikiwemo vya India vinavyouza sana Afrika Mashariki, vinatengeneza dawa hiyo hiyo kwa majina yao. Imo pia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo dawa yenye nguvu kuliko zote dhidi ya ugonjwa huu ni dawa ya zamani isiyo na mwenyewe. Hilo ndilo tumaini la kwanza la mfuko wako.

Namba ni jumla ya vitu viwili

Sasa rudi kwenye boksi. Utakuta namba kama 110, 125 au 275. Namba hiyo ni jumla ya miligramu za levodopa na karbidopa katika kidonge kimoja:

- 110 ni levodopa 100 na karbidopa 10.
- 125 ni levodopa 100 na karbidopa 25. Baadhi ya viwanda huiita "Plus".
- 275 ni levodopa 250 na karbidopa 25.

Kwenye maboksi mengine hazijumlishwi, utaona 25/100 au 100/25. Ni kidonge kile kile cha 125. Boksi la Sinemet na boksi la Syndopa yakiwa na viambato hivyo hivyo kwa kiasi hicho hicho, na vyote ni vidonge vya kawaida, umeshikilia dawa moja yenye makoti mawili.

Ipo jamii nyingine, Madopar, ambayo mlinzi wake si karbidopa bali benserazidi. Hapo kuwa macho. Madopar 250 ina levodopa 200 na benserazidi 50, wakati 275 ina levodopa 250. Mtu anayedhani 250 na 275 zinapishana kidogo tu amekosea hesabu. Kuhama kati ya jamii hizi mbili ni kazi ya daktari.

Tofauti ya 110 na 125 nayo inaonekana ndogo, ila ndipo akiba nyingi za uongo zinapozaliwa. Mwili kwa kawaida unahitaji karibu miligramu 70 hadi 100 za karbidopa kwa siku ili ulinzi ukamilike. Mzee anayemeza 125 mara tatu anapata karbidopa 75, inatosha. Anayemeza 110 mara tatu anapata 30 tu. Levodopa ni ile ile 300, lakini wa pili huenda akasumbuliwa na kichefuchefu, akaacha kula, na ukajikuta unanunua dawa ya kuzuia kutapika juu ya ile ya kwanza. Kama 110 ndiyo iliyopo dukani kwa bei nafuu, usiibebe kimya kimya. Muulize daktari.

Hesabu hiyo hiyo inahusu kukata vidonge. Familia nyingi hununua 275 na kuzigawa nusu, kwa kuwa kidonge kikubwa mara nyingi hakigharimu maradufu ya kidogo. Nusu ya 275 ni levodopa 125 na karbidopa 12.5. Nusu tatu kwa siku zinampa karbidopa 37.5, pungufu kwa wengi. Lakini kwa mgonjwa wa siku nyingi anayehitaji levodopa 750 kwa siku, vidonge vitatu vizima vya 275 vinampa karbidopa 75, na kwake namba hiyo inaweza kuwa njia nafuu kuliko rundo la vidonge vidogo. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni hili: "Kwa dozi yake ya sasa, kuna namna ya kuipanga kwa namba nyingine iliyo nafuu, na karbidopa ikatosha?"

Vidonge vyenye herufi CR au SR, vinavyotoa dawa polepole, ni habari nyingine. Havisagwi, havitafunwi, na usivikate kabla ya kumuuliza mfamasia. Pia havibadilishwi kwa vya kawaida kidonge kwa kidonge, kwa kuwa mwili unavipokea kwa namna tofauti.

Hii ndiyo "orijino"?

Muuzaji atakuambia boksi la bei ni orijino, na mengine ni "ya kawaida". Neno orijino hapa lina maana ya aliyetangulia sokoni tu. Lisichanganywe na halali. Uhalali unaamuliwa na mamlaka: Tanzania ni TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, Kenya ni Bodi ya Famasi na Sumu. Dawa iliyosajiliwa na inayouzwa na famasi yenye kibali, mbele ya mfamasia, ni dawa ya kununua hata kama jina lake hujawahi kulisikia.

Kabla ya kulipa angalia mambo manne: majina ya dawa zenyewe na kiasi chake, tarehe ya mwisho wa matumizi, muhuri au stripu isiyochezewa, na risiti. Dawa iliyohesabiwa kutoka kwenye kopo lisilo na lebo na kutiwa kwenye bahasha, usiichukue hata kwa nusu ya bei.

Ukishapata chapa inayomfaa mzee, jitahidi kubaki nayo. Wapo wagonjwa, hasa walioumwa miaka mingi, wanaohisi tofauti ndogo wakihama. Ikibidi kuhama kwa sababu ya bei, hama mara moja, andika tarehe, na umwangalie kwa wiki mbili. Kinachochosha mwili na mfuko ni kurukaruka kila mwezi kwa kufuata ofa.

Bei huanzia kwenye cheti

Watu wengi huanza kubishana na bei dukani, wakati imeshaamuliwa chumbani kwa daktari. Maswali haya matatu ya heshima yanaweza kuokoa zaidi ya punguzo lolote.

La kwanza: "Daktari, je, kuna dawa anayotumia sasa inayoweza kumletea hali hii?" Dawa kadhaa hufunga njia za dopamini na kumfanya mtu mzima aonekane mgonjwa wa Parkinson: haloperidoli na klopromazini zinazotumika kwa magonjwa ya akili, metoklopramidi ambayo wengi huijua kama Plasil, na sinarizini ya kizunguzungu. Mzee anayepewa Plasil kila akichefukwa na levodopa anavutwa na kamba mbili kwa pande mbili, na wewe unalipia kamba zote. Mara nyingine kuondoa dawa moja ya shilingi chache kunafuta haja ya dawa ya maelfu. Ila kuiondoa ni kazi ya daktari aliyeiandika, hasa kama ni dawa ya akili.

La pili: "Tunaweza kuanza na levodopa peke yake?" Zipo dawa nyingine: pramipeksoli, ropiniroli, selejilini, rasajilini, entakaponi. Zina nafasi zake, na kwa mgonjwa kijana daktari anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuanza na mojawapo. Lakini utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2014, uliofuatilia wagonjwa 1,620 waliogundulika karibuni, ulionyesha kuwa walioanza na levodopa walijiona na nafuu kidogo zaidi kwa muda mrefu kuliko walioanza na dawa hizo nyingine.

Utasikia pia kwamba levodopa isianzishwe mapema kwa kuwa "itachakaa", na kwamba ni bora kuitunza kwa siku mbaya. Hofu hiyo imewagharimu wengi, kwa fedha na kwa miaka ya kukaa kitini. Mwaka 2014 huo huo ulichapishwa ulinganisho wa wagonjwa wa Ghana na wa Italia. Waghana walikuwa wamechelewa kuipata levodopa kwa miaka kuliko Waitalia, lakini kuchelewa huko hakukuwaongezea muda wa kuishi bila mwili kujinyonganyonga na bila dozi kuisha mapema. Matatizo hayo yalifuata umri wa ugonjwa wenyewe na ukubwa wa dozi. Waliosubiri waliteseka bure.

La tatu: "Kabla ya kuongeza dawa ya pili, tunaweza kupanga upya saa za hii ya kwanza?" Miaka ikisonga, dozi huanza kuisha kabla ya nyingine kufika. Mara nyingi dozi ndogo zinazokaribiana husaidia bila kununua kitu kipya. Mara nyingine hazitoshi, na dawa ya pili ni ya lazima. Angalau utakuwa unailipia kwa sababu.

Artane na mtego wa bei ndogo

Katika hospitali nyingi za umma utapewa Artane, au benzheksoli, kwa kuwa iko pale kwa ajili ya wagonjwa wa akili na haina gharama kubwa. Kwa mtu mwenye umri mdogo ambaye shida yake kubwa ni kutetemeka, inaweza kusaidia. Kwa mzee wa miaka 75 ni hadithi nyingine: mdomo unakauka, choo kinakuwa kigumu, mkojo unagoma, na akili inaweza kuvurugika hadi akamuita mjukuu kwa jina la ndugu yake aliyekufa. Familia inadhani mzee amechanganyikiwa kwa uzee, inaanza kuzunguka hospitali, na gharama zinaruka juu ya kile kilichookolewa.

Ikiwa mzee wako ametumia Artane na siku hizi anasahau au anaona vitu visivyokuwepo, mrudishe kwa daktari na useme hivyo kwa maneno hayo hayo. Usiikate ghafla nyumbani.

Kidonge kilichomezwa vibaya ni fedha iliyomwagika

Hapa ndipo unapoweza kupata nafuu bila kuongeza hata senti. Levodopa hupita ukuta wa utumbo kwa mlango ule ule unaotumiwa na protini. Ikimezwa pamoja na maharage, nyama, samaki, mayai au maziwa, zinasukumana mlangoni na dawa huchelewa au kufika pungufu. Mzee anakaa akisubiri mwili ufunguke, haufunguki, familia inasema dawa imeshindwa, dozi inaongezwa.

Mpe dawa kwa maji, nusu saa kabla ya kula au saa moja hadi mbili baada ya kula. Kama tumbo linachafuka, kipande cha mkate au ndizi kinatosha kuituliza. Usimnyime protini, kwa kuwa wagonjwa wa Parkinson hukonda upesi. Hamishia sehemu kubwa ya protini kwenye chakula cha jioni ili mchana, anapohitaji kutembea, dawa ipite bila ushindani. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma navyo huikamata levodopa tumboni, kwa hiyo vitenganishe kwa saa mbili au zaidi.

Shika saa. Dozi ya saa 1 asubuhi ikitolewa saa 3, saa mbili hizo mzee amekuwa mfungwa, na umelipia siku nzima ukapata siku pungufu. Kengele ya simu haina gharama.

Hifadhi dawa kwenye chombo chake, mahali pakavu na penye ubaridi, mbali na jiko na dirisha lenye jua. Kidonge unachokata, kata siku hiyo.

Hesabu ya mwezi, siyo ya boksi

Usilinganishe boksi na boksi. Linganisha siku na siku. Bei zifuatazo ni za mfano tu, kazi yake ni kukuonyesha njia.

Tuseme famasi ya jirani inauza stripu ya vidonge 10 vya 125 kwa shilingi 8,000. Famasi ya mjini inauza chupa ya vidonge 100 vya namba hiyo hiyo kwa shilingi 60,000. Kidonge kimoja ni shilingi 800 kwa jirani, 600 mjini. Mzee anameza vitatu kwa siku. Kwa siku 30 ni 72,000 kwa jirani, 54,000 mjini. Umeokoa 18,000. Lakini nauli ya kwenda na kurudi ni 10,000, kwa hiyo akiba halisi ni 8,000. Ukinunua ya miezi miwili kwa safari moja, akiba inakuwa 36,000 ukitoa nauli, yaani 26,000. Ndiyo maana ni vema kumwomba daktari, mzee akishatulia kwenye dozi moja, aandike cheti cha miezi miwili au mitatu.

Piga simu kabla ya kupanda basi. Utafiti uliochapishwa Kenya mwaka 2016 ulikuta dawa mahususi za Parkinson katika baadhi tu ya famasi zilizotembelewa, nyingi zikiwa za binafsi na katika maeneo ya wenye kipato. Upande wa pili wa tatizo hilo ulionekana Hai, Kilimanjaro, miaka kadhaa kabla. Watafiti walichunguza eneo lenye watu 161,071 na kupata wenye Parkinson 33, ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Duka haliweki bidhaa isiyo na mnunuzi, na mnunuzi asiyejua ugonjwa wake haji dukani.

Wewe unaujua. Basi jitangaze kuwa mnunuzi. Mwendee mfamasia mmoja umwambie: "Habari za kazi, dada. Baba yangu anatumia levodopa na karbidopa 125, vidonge 90 kila mwezi. Ukiniagizia, nitakuwa nachukua kwako." Mteja wa kudumu anamwondolea mwenye duka hofu ya dawa kuharibikia rafuni, na hapo mazungumzo ya bei huwa mepesi. Mkiwa familia tatu au nne kutoka kliniki moja mkaagiza pamoja, ni mepesi zaidi.

Duka la dawa muhimu la mtaani lenyewe lisikupotezee muda. Halina ruhusa ya kuuza dawa za aina hii. Tafuta famasi kamili, na anza na zile zilizo karibu na hospitali za rufaa, kwa kuwa wagonjwa wa mishipa ya fahamu ndiko wanakotibiwa.

Bima, msamaha na dirisha la hospitali

Bima hulipa kwa orodha yake, na orodha huandikwa kwa jina la dawa yenyewe. Cheti kikiwa na jina la kiwanda tu, unaweza kukataliwa dirishani ingawa dawa hiyo imo. Mwombe daktari aandike "levodopa na karbidopa" na kiasi chake. Uliza mapema kama dawa inahitaji kibali, na kama hospitali ikiishiwa unaruhusiwa kuchukua famasi gani kwa kadi hiyo hiyo.

Tanzania, mwongozo wa taifa wa matibabu hupanga dawa kwa ngazi za vituo. Kuikosa zahanati hakumaanishi serikali haina. Kunamaanisha unahitaji rufaa ya kwenda juu. Mzee wa miaka 60 au zaidi asiye na uwezo ana haki ya msamaha wa matibabu katika vituo vya umma. Anzia serikali ya mtaa au kijiji, nenda na kitambulisho chake, kisha mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Ujue tu kwamba msamaha unafuta malipo, haujazi rafu. Dawa ikikosekana, uliza lini mzigo wa Bohari ya Dawa unatarajiwa, na uache namba yako ya simu.

Kenya, tangu Oktoba 2024 mpango wa bima ya afya wa SHA umechukua nafasi ya ule wa zamani, NHIF. Mwenye mshahara anachangia asilimia 2.75 ya mapato yake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Hakikisha mzee amesajiliwa kwa jina lake au kama tegemezi, kisha uliza hospitalini ni sehemu gani ya dawa za kliniki inayolipwa kabla hujaanza kulipa mfukoni.

Kama una ndugu ughaibuni anayetaka kutuma dawa, mwambie atume fedha kwanza. Mara nyingi dawa ya India iliyosajiliwa hapa ni nafuu kuliko ya Ulaya iliyosafirishwa. Ikibidi iletwe, iwe na cheti, boksi lake na risiti, na namba zilingane na anazotumia mzee.

Vipi kuhusu upupu?

Utaambiwa nao ni dawa ya Parkinson, na kwa hili anayekuambia hakosei kabisa. Upupu ule ule unaowasha shambani una levodopa katika mbegu zake. Jaribio lililofanyika Bolivia kwa wagonjwa 18, likachapishwa mwaka 2017, lilionyesha unga wa mbegu zake ukifanya kazi kama dawa ya famasi kwa dozi moja iliyopimwa. Lakini wagonjwa 14 walipoutumia kwa wiki kadhaa, nusu yao waliacha njiani, wengine kwa matatizo ya tumbo, wengine kwa kuwa mwili ulizidi kuwa mzito.

Sababu unaijua sasa: upupu hauna karbidopa, na mbegu haina namba pembeni. Mfuko mmoja unaweza kuwa na nguvu mara mbili ya mwingine. Kuuchanganya na vidonge bila daktari kujua ni kumpa mzee dozi mbili gizani. Ikiwa tayari anautumia, mweleze daktari bila kuficha.

Fedha zikiisha, dawa isiishe ghafla

Hili likumbuke kuliko yote. Levodopa ikikatwa ghafla kwa mtu aliyeizoea, mwili unaweza kukakamaa kabisa, homa ikapanda, akili ikavurugika. Hiyo ni dharura, na inaua. Kulazwa kwa siku chache kutakula fedha za miezi ya vidonge.

Kwa hiyo weka akiba ya wiki mbili isiyoguswa, na uitumie kwa mzunguko ili isiharibike. Ukiona fedha zinakaribia kuisha, nenda kwa daktari kabla hazijaisha. Anaweza kupanga dozi ishuke kwa hatua, kubadili namba, au kukuunganisha na ustawi wa jamii. Usimpe mzee siku moja ukamruka siku moja ili vidonge vifike mwisho wa mwezi. Mzee akilazwa kwa ugonjwa mwingine, beba dawa zake na umwambie nesi saa zake.

Daftari la shilingi mia tano

Nunua daftari dogo. Ukurasa wa kwanza andika jina la dawa, kiasi cha levodopa, kiasi cha karbidopa, saa za kumeza. Kurasa zinazofuata andika kila ununuzi: tarehe, duka, chapa, idadi, bei ya kidonge kimoja. Pembeni, kila jioni, andika saa ngapi mzee alikuwa mwepesi na saa ngapi alikuwa mzito.

Baada ya miezi mitatu utakuwa na kitu ambacho daktari wala mfamasia hana. Utaona duka lipi linakuuzia kwa haki. Utaona siku aliyokula maharage mchana ilivyoharibika. Utaona kama chapa nafuu ilimfaa au haikumfaa, bila kubishana kwa hisia.

Siku utakayosimama tena dirishani na kuulizwa "Nikupe ipi?", fungua ukurasa wa kwanza, geuza maboksi yote mawili usome kiasi kilichoandikwa, na uulize swali moja: "Kidonge kimoja kinakuja shilingi ngapi?"